Mbwa wako akiona mwenzake anawaka? Anza na umbali

Wengi wanaoniletea mbwa wana kesi moja. Nyumbani ni mpole, anatii, watoto wanamlalia mgongoni, ila mkitoka na kamba akamwona mbwa mwingine tu basi, anabweka anaruka anavuta mpaka bega linauma, na wewe unabaki unaomba radhi kwa kila anayepita. Swali wanalokuja nalo ni moja: nimnyamazisheje? Mimi huwa nawaambia tuachane na kelele kwanza, kelele ni matokeo, tunachotaka kujua ni mbwa anajisikiaje pale anapomwona mwenzake.

Na mara nyingi sana ni woga. Najua haifanani na woga, maana ndiye anayeenda mbele akitoa meno, lakini liangalie kwa upande wake: kafungwa kamba, kukimbia hawezi, kwa hiyo njia iliyobaki ni kumfukuza yule wa pili. Halafu inafanya kazi! Yule mwingine alikuwa anapita zake tu, lakini mbwa wako hajui hilo, anachoona ni kwamba amebweka na adui kaondoka. Kesho atabweka mapema zaidi. Kila mara anapofanikiwa tabia inakomaa, ndio maana kusubiri "ataizoea tu" huwa haisaidii.

Kundi la pili ni wale wenye hamu iliyozidi. Hawa wamezoea kusalimia kila mbwa wanayekutana naye, sasa wakizuiliwa na kamba wanapandwa na hasira. Utawajua kwa kulialia kama wanalalamika, mwili umelegea, wanarukaruka, na wakiachiwa na mbwa wanayemfahamu wanacheza vizuri tu. Mwenye woga anakakamaa, wengine wanarudi nyuma hatua moja kabla ya kurupuka. Kuna wanaochanganya yote mawili, hao ndo wanaonichosha kichwa. Na tafadhali msidanganywe na mkia, mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika haraka haraka, si furaha, ni mbwa aliyepanda joto.

Kamba yenyewe inachangia. Mbwa walio huru hawaendeani uso kwa uso, wanazunguka kwa upande, wananusana nyuma, kila mmoja anaachana na mwenzake akitaka. Sisi tunawaleta kwenye njia nyembamba, moja kwa moja, macho kwa macho, na juu yake tunakaza kamba kwa sababu tumeshaogopa, kwa hiyo anapata taarifa mbili kwa pamoja: kuna mbwa mbele na shingo yangu inabanwa. Mvalishe ule mkanda wa kifuani wenye pete mbele, utakuwa na kontroo bila kumnyonga.

Sasa umbali. Kila mbwa ana umbali ambao akimwona mwenzake anaweza kuangalia halafu akaendelea na maisha, na kuna umbali ambao akili inazima. Kwa mmoja ni mita 10, kwa mwingine ni mita 60 na bado hana raha. Kazi yako ni kuujua wa kwako, na dalili zinakuja mapema kabla ya kubweka: anaganda, mdomo uliokuwa wazi unafungwa, analamba pua, anapiga miayo wakati hana usingizi wowote, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Kipimo changu rahisi ni chakula. Mpe kipande cha nyama anayoipenda kuliko vyote, akikataa, au akikidaka kwa pupa mpaka anakung'ata vidole, mko karibu mno, rudini nyuma.

Mkishapata umbali salama zoezi ni fupi. Mbwa mwingine anatokea, mbwa wako anamwona, ndipo nyama inaanza kushuka, kipande baada ya kipande. Yule akipotea, nyama inaisha, hata akuangalie kwa macho ya huruma kiasi gani. Mpangilio huo ndio zoezi lenyewe. Ivan Pavlov wa Urusi, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wanatoa mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu kuna kitu kilichokuwa kinatangulia chakula kila siku. Tunatumia hilohilo, tunataka mbwa wa mbali awe ndiye tangazo la nyama. Watu wengi wanageuza, wakimwona mbwa kwa mbali wao ndo wanakimbilia kutoa nyama mfukoni kabla wa kwao hajaona chochote, matokeo yake mbwa anajifunza kwamba mkono ukiingia mfukoni kuna balaa linakuja.

Kuna wanaoniambia, si namzawadia kwa kuwa mkali? Hapana, woga ni hisia, hauongezeki kwa kupewa nyama. Ila kama ameshalipuka usisimame pale kumbembeleza wala kumfokea, ondokeni tu, hapo hafundishiki. Kugeuka nako kufundishwe nyumbani, sema "twende" kwa sauti ya kawaida, geuka, mpe kitu, mrudie mpaka awe anageuka bila kufikiri. Gari lililopaki, ukuta, kichaka, vyote ni vya kujifichia na hakuna aibu.

Punguzeni umbali taratibu, na badilisha kitu kimoja kimoja, mbwa aliyekaa si sawa na anayekimbia. Siku nyingine utaona amerudi nyuma kabisa, uliza kwanza siku yake ilikuwaje: kelele za fataki usiku, wageni asubuhi, halafu unamkutanisha na mbwa jioni, stresi zinapandana. Siku kama hiyo bakini nyumbani, tawanya chakula chake kwenye nyasi akitafute kwa pua, kunusa kunamtuliza.

Minyororo ya kunyonga na kola za shoti, mimi sitaki kuziona. Zinaweza kumnyamazisha, ndiyo, lakini akiona mbwa na shingo inauma kila mara, mbwa wengine wanakuwa wabaya zaidi machoni pake. Halafu anayeadhibiwa kwa kunguruma anaacha kunguruma, na kunguruma ndiyo onyo lako, ukiliondoa unabaki na mbwa anayeng'ata bila taarifa.

Kama ni mbwa mzima aliyekuwa sawa na ghafla amebadilika, nenda kwa daktari wa mifugo kabla hujaja kwangu. Nyonga, sikio, jino, maumivu yoyote yanaweza kumfanya asitake mwenzake amsogelee. Daktari huyohuyo ndiye atakayesema kama anahitaji dawa za kutuliza wasiwasi, wapo ambao bila dawa hata mita 100 hazitoshi.

Na kama ameshawahi kung'ata, mzoeshe kifunga mdomo cha wavu, kile kinachomwachia nafasi ya kuhema kwa ulimi nje na kunywa maji, si kile cha kitambaa kinachobana. Anza kwa kupaka ndani kitu cha kulamba, aingize pua mwenyewe, mikanda usiifunge mpaka awe anakikimbilia akikiona. Mbwa wawili wakishikana kupigana usipeleke mkono kwenye kola, hapo ndipo watu wengi wanapong'atwa na mbwa wao wenyewe. Wamwagie maji, au sukuma kitu kipana katikati yao. Jino likikupata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa hakisubiri.