Kwa Nini Siandiki 1×3 kwenye Bahasha ya Dawa ya Kipandauso

Hapa Moshi, mgonjwa anayenunua vidonge dukani hukabidhiwa bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu 1×3, naye huenda zake akijua kwamba kimoja ni cha asubuhi, kimoja cha mchana na kimoja cha usiku. Mimi ni mfamasia, na kwa miaka kadhaa niliwaandikia hivyo hivyo hata wenye kipandauso, mpaka siku mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Kiboriloni aliponirudishia bahasha karibu nzima akilalamika kwamba dawa niliyompa ni feki. Nilipomwuliza alimeza saa ngapi, alinijibu: "Dokta, kichwa kilinianza saa nne asubuhi nikavumilia, sipendi kuuzoesha mwili dawa. Nilimeza usiku, kiliponizidi."

Dawa haikuwa feki, ilikuwa imechelewa. Ili kueleza kwa nini saa kumi za kuvumilia zinaweza kuiondolea dawa nguvu yake, inanibidi nianze na jambo linalowashangaza wengi, nalo ni kwamba nyama yenyewe ya ubongo haihisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika ubongo pamoja na mishipa ya damu inayopita humo, kwa sababu ndimo zilimo ncha za neva kubwa iitwayo trijemini. Neva hiyo hiyo huhudumia paji la uso, macho, meno na taya, na ndiyo maana mwenye kipandauso huweza kuhisi maumivu nyuma ya jicho au kwenye pua akadhani ana tatizo la meno au mafua yaliyoganda.

Kipandauso kinapoanza, ncha hizo humwaga kemikali kadhaa, na iliyo muhimu kuliko zote ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, ijulikanayo kwa herufi CGRP. Peptidi hii hutanua mishipa ya damu na kuzifanya neva ziwe nyepesi kushtuka, kiasi kwamba hata mpigo wa kawaida wa damu, ambao siku nyingine mtu hausikii, sasa unagonga kichwani kama nyundo. Mwaka 1990 watafiti Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba CGRP huongezeka katika damu inayotoka kichwani wakati wa kipandauso, na mwaka 2021 wawili hao, pamoja na Jes Olesen na Michael Moskowitz, walitunukiwa tuzo kubwa ya sayansi ya ubongo itolewayo nchini Denmaki.

Taarifa ya maumivu haiishii kwenye utando. Neva ya trijemini huifikisha kwenye shina la ubongo, na huko neva nyingine huipokea na kuipandisha mpaka sehemu za juu ambako mtu hutambua kwamba anaumwa. Taarifa hizo zikiendelea kumiminika kwa muda mrefu, neva za hicho kituo cha kati kwenye shina la ubongo huchangamka kupita kiasi, zikaanza kupeleka taarifa ya maumivu zenyewe hata kama ncha za pembeni zimetulia. Dalili yake wagonjwa wanaijua vizuri, ingawa wachache huniambia nisipowauliza: kuchana nywele kunauma, kilemba kinauma, hata mto wa kulalia unauma.

Sasa tutazame dawa. Aspirini na ibuprofeni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazozidisha wepesi wa neva kushtuka. Ugunduzi huo wa mwanasayansi John Vane wa mwaka 1971 ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Sumatriptani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, hufanya kazi kwa njia nyingine. Hujifunga kwenye baadhi ya vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, vya kemikali iitwayo serotonini: vilivyo kwenye mishipa ya damu huifanya isinyae, na vilivyo kwenye ncha za neva huzuia CGRP isiendelee kumwagwa. Kwa kuwa mishipa ya moyo nayo ina vipokezi vya aina hiyo, simpi sumatriptani mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, hata anisihi vipi.

Watu husema dawa hizi "zinaingia kwenye ubongo", lakini sumatriptani hupenya kwa shida sana kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Sehemu kubwa ya kazi yake huifanya nje ya kizuizi hicho, kwenye utando na kwenye ncha za neva. Huko inaweza kukata mazungumzo yanapoanza. Kituo cha kati kikishajiendesha chenyewe, yaliyobaki ya kukata ni machache. Zaidi ya hayo, tumbo la mwenye kipandauso hupunguza mwendo wake, hivyo kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa huweza kukaa humo muda mrefu kabla ya kufika kwenye utumbo na kuingia katika damu. Hii ndiyo sababu daktari huongeza metoklopramidi, ambayo hutuliza kichefuchefu na pia huliamsha tumbo.

Huenda msomaji akahitimisha kwamba basi ameze mapema na ameze kila siku. Hapana. Anayetumia dawa za kawaida za maumivu, kama aspirini na ibuprofeni, siku 15 au zaidi kwa mwezi, au sumatriptani na vile vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa hiyo hofu ya yule mama ya kuuzoesha mwili haikuwa upuuzi. Aliihesabu kwa saa, ilhali ilitakiwa kuhesabiwa kwa siku za mwezi.

Bahasha yake ya pili niliiandika kwa maneno: "Ibuprofeni 200 mg. Kichwa kikianza tu, vidonge 2 baada ya kula kidogo. Usizidishe siku 2 kwa wiki." Nilimwomba aandike nyuma yake tarehe ya kila siku atakayomeza. Alirudi baada ya mwezi na tarehe sita, akasema safari hii dawa ni nzima. Siku sita kwa mwezi zinatosha kufikiria dawa ya kuzuia kipandauso kisije, kama vile propranololi, ambayo humezwa kila siku hata kama kichwa hakiumi. Nilimwuliza kama ana pumu, kwa sababu propranololi humbana kifua mwenye pumu, akasema hana. Nikaambatanisha bahasha yenye tarehe zake na barua fupi, nikamwelekeza kwa daktari.