Mita ya bei nafuu: yanayosemwa dukani Tanga na yaliyo kweli

Mwanafunzi wa umeme au elektroniki anayeishi Tanga hana rafu ndefu ya kuchagulia. Akizunguka maduka ya vifaa vya umeme ya Ngamiani, mara nyingi atakuta aina tatu za mita, yaani kifaa cha kupimia volti, ampea na omu: ile ndogo ya njano yenye swichi ya kuzungusha, inayojulikana kama DT830, ile ya mshale, na klampu mita, yenye koleo la kuzungushia waya. Akitaka zaidi ya hapo, huagiza Kariakoo na kuletewa kwa basi, na mzigo ukishafika hakuna tena nafasi ya kuujaribu kabla ya kuulipia. Kwa kuwa fedha ni kidogo na uchaguzi ni mdogo, ushauri wa mwenye duka na wa fundi wa jirani huwa na uzito mkubwa, ilhali sehemu ya ushauri huo haina ukweli.

“Rahisi ghali, hiyo ya njano inadanganya.”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na kwa vipimo vya DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, si kweli. Karatasi inayokuja na mita za aina hiyo kwa kawaida hutaja usahihi wa asilimia 0.5 ya kipimo, pamoja na tarakimu 2 za mwisho. Ukipima volti 5 kwenye renji ya 20, yaani swichi ikiwa kwenye kikomo cha volti 20, asilimia 0.5 ni volti 0.025 na tarakimu mbili ni volti 0.02, kwa hiyo mita inaweza kukosea kwa takriban volti 0.045 tu. Sasa linganisha na kifaa chenyewe unachokipima: regyuleta ya 7805, kipande kinachoshusha volti hadi 5, inaruhusiwa na watengenezaji wake kutoa kati ya volti 4.8 na 5.2, na rezista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Mita ya njano, hata kwa bei yake, ina usahihi zaidi kuliko vifaa vingi vilivyomo kwenye kisanduku cha mwanafunzi.

Inapodanganya kweli, sababu huwa ni betri yake. Wengi hudhani kwamba betri ya volti 9 iliyomo ndani ikichoka mita itazima tu. Haizimi, huendelea kuonyesha namba, na mara nyingi namba hizo hupanda kuliko ukweli, hadi betri mbovu ya redio ionekane nzima. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, acha kupima mpaka uibadilishe.

“Mita yoyote ya dijitali haiathiri kinachopimwa.”

Hapa ndipo tofauti halisi kati ya mita ya bei nafuu na ya bei kubwa inapojificha, na ni nadra kuisikia ikitajwa dukani. Kila mita inapopima volti huchota mkondo kidogo kutoka kwenye saketi, na kiasi hicho hutegemea ukinzani wake wa ndani. Nyingi za njano zina ukinzani wa megaomu 1. Mita nyingi za daraja la juu kidogo zina megaomu 10. Zile za mshale zinazoandikwa kiloomu 20 kwa volti huwa na kiloomu 200 tu kwenye renji ya volti 10.

Tofauti hiyo unaweza kuiona kwa macho yako. Chukua rezista mbili za megaomu 1, ziunganishe mfululizo kwenye betri ya volti 9, kisha pima volti za rezista moja. Jibu la kweli ni 4.5. Mita yenye megaomu 10 itaonyesha karibu 4.3. Ile ya njano itaonyesha 3. Ya mshale itasimama karibu na 1.3, na mwanafunzi asiyejua sababu atatafuta kosa kwenye saketi jioni nzima. Ukirudia jaribio hilohilo kwa rezista za kiloomu 1, mita zote tatu zitakubaliana. Kwa hiyo anayejifunza kwa LED, mota ndogo, paneli ya sola na vipande vya redio hana sababu kubwa ya kuogopa. Anayefanya kazi kwenye saketi za vihisi zenye rezista kubwa ndiye anayepaswa kuweka akiba ya kununulia mita yenye megaomu 10.

Mita ya mshale, kwa upande wake, ina tabia moja inayowachanganya wanaoanza: katika nyingi zake, ukiwa kwenye omu, waya mweusi ndio unaotoa chanya. Dayodi nzima, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, huonekana imegeuzwa.

“Imeandikwa CAT III, volti 1000, basi ni salama popote.”

Maandishi hayo yana maana maalumu katika IEC 61010, viwango vya kimataifa vya usalama wa vifaa vya kupimia. CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni bodi ya umeme na nyaya za ndani ya jengo. CAT IV ni pale umeme unapoingilia kutoka nguzoni. Namba ya volti pekee haitoshi, kwa sababu hatari kubwa hutokana na mshtuko wa ghafla wa volti unaopita kwenye laini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mita ya CAT III ya volti 600 hupaswa kustahimili mshtuko wa volti 6000. Uwezo huo unahitaji nafasi ya kutosha kati ya njia za shaba ndani ya mita, fyuzi za kauri zenye mchanga ndani, na waya zenye ganda nene. Plastiki ya njano inaweza kuchapishwa neno lolote bila kuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Jambo zuri ni kwamba hili unaweza kulikagua mwenyewe. Omba ruhusa ya mwenye duka, fungua skrubu mbili za nyuma, utazame. Ukiona fyuzi ndogo ya kioo, na kando ya tundu la 10A, la kupimia ampea kubwa, kumeandikwa kwamba halina fyuzi, jua kwamba hiyo ni mita ya saketi za betri, hata kama boksi lake limepambwa vipi. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na wa fezi tatu ni 400. Mimi siipeleki mita ya namna hiyo kwenye bodi ya umeme hata kidogo. Kwa kazi hiyo naisubiri mita ya karakana.

Tundu hilo la 10A lilinifundisha kwa gharama. Nilikuwa nimemaliza kupima ampea za paneli ya sola, nikazungusha swichi hadi kwenye volti, lakini nikasahau kuhamisha waya mwekundu. Nilipogusa betri ya volti 12, cheche ililia na ncha nyekundu ikabaki na tundu jeusi pembeni, kama sindano iliyopitiwa na moto. Swichi haikuweza kunisaidia, kwani kati ya tundu la 10A na lile la COM, la waya mweusi, kuna kipande cha waya mnene kilichounganishwa muda wote, popote swichi ilipo. Kwa betri ilikuwa cheche. Kwenye soketi ya ukutani ingekuwa ajali.

“Nunua klampu mita, inapima ampea zote.”

Hapana. Klampu mita nyingi za bei nafuu hupima ampea za AC pekee, yaani umeme wa kubadilika kama wa ukutani, kwa kuwa koleo lake hufanya kazi kama transfoma, na DC haipiti kwenye transfoma. Anayetaka kupima mkondo wa sola anahitaji yenye kihisi cha Hall, kinachohisi sumaku ya mkondo, ambayo bei yake ni nyingine. Hata kwa AC, koleo huzungushiwa waya mmoja. Ukizibana nyaya zote mbili za pasi kwa pamoja, mikondo yake itafutana na utasoma sifuri.

“Bila True RMS umepoteza fedha.”

True RMS ni uwezo wa kusoma thamani halisi ya AC hata wimbi lake likiwa si la kawaida. Kwa DC haina maana yoyote, na kwa umeme wa ukutani wenye wimbi la kawaida mita ya bei nafuu husoma vizuri. Tofauti hujitokeza kwenye mawimbi yasiyo ya kawaida: wimbi la mraba, kama la baadhi ya inveta ndogo, husomwa kuwa juu kwa asilimia 11 hivi.

“Zote za njano ni moja.”

Tazama herufi ya mwisho. DT830D kwa kawaida ina mlio wa kupimia waya uliokatika, na DT830B haina, ingawa bei zao hukaribiana sana. Mwanafunzi hutumia mlio huo kuliko kipimo kingine chochote, kwa hiyo gusanisha ncha mbili palepale dukani usikilize. Kisha weka kwenye omu 200 na uzigusanishe tena: namba ikirukaruka unapozikunja waya karibu na mshikio, shaba ya ndani imeshaanza kukatika. Nenda pia na rezista moja unayoijua na betri mpya moja, uzipime mbele ya muuzaji. Na kwa kuwa hewa ya pwani yetu ina chumvi, angalia vibanio vya betri kabla ya kulipa. Nimewahi kukuta mita iliyokuwa bado ndani ya boksi lake, na vibanio vimeshaota ukungu wa kijani.