Mzee akibaki kazini, kijana anakosa ajira?

Kila zikitangazwa nafasi chache serikalini hapa Zanzibar, barazani huanza maneno yale yale: wazee hawataki kutoka, vijana watapata wapi? Mimi ni mchumi wa masuala ya ajira, na jibu langu huwaudhi wote waliokaa. Mkizungumzia ofisi za serikali za Vuga mna hoja. Mkizungumzia Nungwi, kijiji cha wajenzi wa majahazi, hamna.

Hoja ya barazani inaichukulia kazi kama sinia moja la pilau: mkubwa akizidisha tonge, mdogo anaambulia ukoko. Wachumi wanaipinga dhana hiyo tangu karne ya 19, kwa sababu mshahara haulali mfukoni. Mzee anayelipwa hununua samaki Darajani, humlipia mjukuu ada, humwita fundi amtengenezee paa, na wote hao wanapata riziki. Ufaransa ilijaribu kinyume chake. Ilishusha umri wa kustaafu kutoka 65 hadi 60 kuanzia 1983, na miaka ya mwanzo iliyofuata vijana wasio na kazi wakaongezeka. Utafiti ulioongozwa na Jonathan Gruber na David Wise, uliochapishwa 2010 ukichunguza nchi 12 tajiri, haukuona ushahidi kwamba wazee wengi kazini huwapunguzia vijana ajira.

Ila Italia hunifanya nipunguze sauti. Mageuzi ya mwisho wa 2011 yalisogeza mbele umri wa kustaafu kwa ghafla, na kampuni zilizolazimika kubaki na wazee wengi ziliajiri vijana wachache zaidi. Nchi nzima ni jambo moja. Kampuni moja yenye bajeti iliyobana, tena wakati wa mdororo, ni jambo jingine.

Ofisi zetu za serikali zinafanana na hiyo kampuni. Kuna ikama: nafasi zimehesabiwa, fungu la mishahara limepangwa. Mkuu wa kitengo aliyetimiza miaka 60 akiongezewa mkataba, hamzibii moja kwa moja kijana aliyemaliza chuo juzi. Anamzibia msaidizi wake, msaidizi anamzibia afisa, na foleni inasimama mpaka mlangoni. Mimi ningeweka sharti: mkataba wa namna hiyo usisainiwe mpaka mrithi atajwe kwa jina, na usiongezwe mara ya pili. (Najua watakaonuna.)

Nungwi, kwa wajenzi wa majahazi, hakuna ikama. Fundi mkuu akiweka chini tezo lake, vijana wanaomshikia mbao na kukalafati hawapandi cheo. Wanakosa kazi, maana mwenye chombo alimfuata yeye. Kwa wachonga milango ni hivyo hivyo. Na kwenye mwani, bibi hamnyimi mjukuu sehemu ya bahari. Kinachomkwamisha mjukuu ni bei, na maji yaliyozidi joto yanayoua ile aina yenye soko zuri.

Kuna hesabu nyingine isiyotajwa sana barazani. Pensheni Jamii, posho ya serikali ya Zanzibar kwa wazee, ilipoanza 2016, aliyefika miaka 70 alipata shilingi 20,000 kwa mwezi. Imepandishwa tangu hapo, lakini haiendeshi nyumba. Fundi au mchuuzi wa miaka 62 asiye na kiinua mgongo akiacha kazi leo, yeye na mwenzi wake watalishwa na mtoto wao. Huyo ndiye kijana tuliyedai kumfungulia njia, na pesa aliyokuwa akiweka akiba anunue cherehani au mashine ya kunyolea sasa inanunua mchele wa watu wazima wawili zaidi.