Je, wajua kwa nini "siku 1,000 bila ajali" hazithibitishi kwamba bomba la gesi ni salama?

Hapa Nairobi, ukipita Mombasa Road au ukiingia Industrial Area kwa Enterprise Road, utaona kwenye lango la kiwanda ubao unaoonyesha siku ngapi zimepita bila mfanyakazi kuumia. Kampuni za gesi asilia duniani nazo hupenda ubao wa aina hiyo, na katika ripoti zao za mwaka lengo la afya, usalama na mazingira huandikwa kwa neno moja: sifuri. Majeruhi sifuri, uvujaji sifuri. Basi inakuwaje kampuni yenye ubao wa kupendeza kuliko zote bado ilipukiwe?

Ni kwa sababu kinachomvunja mtu kidole na kinachopasua bomba si kitu kimoja, na ubao ule unahesabu vidole tu.

Hesabu inayotumika sana huenda hivi: unachukua idadi ya wafanyakazi walioumia kiasi cha kuhitaji zaidi ya huduma ya kwanza, unazidisha kwa 200,000, kisha unagawanya kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi. Saa 200,000 ni kazi ya watu 100 kwa saa 40 kila wiki, wiki 50 za mwaka. Hesabu hii inamnasa aliyeteleza kwenye ngazi na aliyeingiwa na cheche jichoni akilehemu. Bomba linaloliwa na kutu chini ya ardhi halimo kabisa. Linaweza kuliwa miaka 10 bila kumgusa yeyote, na miaka yote hiyo tarakimu za ubaoni zinapanda.

Mfano mchungu zaidi ni wa Aprili 20, 2010, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico. Siku hiyo wakubwa wa BP, kampuni ya mafuta iliyoukodi mtambo huo, na wa Transocean iliyoumiliki, walikuwa wamefika mtamboni wenyewe, na miongoni mwa waliyopongeza ni miaka 7 bila mfanyakazi kukosa kazi kwa sababu ya kuumia. Usiku huohuo gesi ilipanda kutoka kisimani, ikalipuka, na wafanyakazi 11 wakafa. Miaka 5 kabla ya hapo, Machi 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City kililipuka na kuua watu 15. Jopo huru lililochunguza usalama wa viwanda vya BP nchini Marekani lilieleza waziwazi katika ripoti ya 2007 kwamba kampuni ilikuwa ikitazama viwango vya majeruhi na kuamini vinaonyesha hali ya mitambo, kumbe havikuonyesha.

Kwa upande wa bomba la gesi lenyewe, tazama San Bruno, California. Septemba 9, 2010, bomba la inchi 30 lililofukiwa mwaka 1956 lilipasuka katikati ya makazi. Watu 8 walikufa na nyumba 38 zikateketea. Chanzo kilikuwa kiungo kilicholehemiwa vibaya, kasoro iliyokaa ardhini zaidi ya nusu karne bila kugunduliwa. Lakini kinachonishtua mimi zaidi ni muda: ilichukua dakika 95 kuzima gesi, maana vali za kuifunga zilihitaji watu kwenda kuzifunga kwa mikono. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba mabomba mapya makubwa yawe na vali zinazoweza kufungwa ndani ya dakika 30 tangu mpasuko utambuliwe. Hilo ndilo lengo la usalama lenye maana. Lina dakika, lina kifaa, na linaweza kujaribiwa leo kabla mtu hajaumia.

Kuna hatari nyingine ya kulitukuza lengo la sifuri, nayo ni ya kibinadamu. Bonasi ya meneja ikifungwa kwenye ubao, kila jeraha linageuka adui. Kibarua wa mkandarasi aliyebanwa kidole anaambiwa aende nyumbani apumzike, atalipwa siku yake, mradi asiandikwe kwenye daftari. Ripoti inabaki safi, na mashine iliyombana inamngoja wa zamu inayofuata. Ndiyo maana kampuni makini hujiwekea lengo la kupokea taarifa *nyingi* za matukio ya nusura: spana iliyodondoka bila kumpata mtu, geji iliyosoma presha isivyo, kibali cha kazi kilichosainiwa kabla ya gesi kupimwa. Taarifa zikipungua ghafla, wao huingiwa na wasiwasi badala ya kusherehekea. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaelekea hukohuko: mfanyakazi anatakiwa kumjulisha msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo hatari hiyo ikiwa bado ipo. Ni haki nzito sana, na inasikitisha kwamba vibarua wengi hawajawahi kuambiwa wanayo.

Tukija kwenye mazingira, tatizo ni lilelile la kuhesabu kisichofaa. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na katika miaka 20 ya kwanza tani moja ya methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa muda mrefu kampuni nyingi hazikupima zinavujisha kiasi gani. Zilihesabu vali na viungo, zikazidisha kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni, zikaandika jibu kwenye ripoti. Wanasayansi walipopita na ndege na vipimo vyao, mara nyingi walikuta methani nyingi kuliko ile ya kwenye karatasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapahapa Gigiri, linaendesha mpango ulioanza 2020 wa kuzitoa kampuni kwenye makadirio hayo. Una ngazi 5: ya chini ni kukisia kwa jumla, ya juu kabisa ni kupima kwenye chanzo na kulinganisha na vipimo vya eneo zima.

Kupima kwenye chanzo si jambo geni kwa mtu wa Nairobi. Kijana anayekuletea mtungi wa kilo 13 kwa bodaboda, akiwa anaijua kazi yake, hafungi reguleta akaondoka. Anachovya sponji kwenye maji ya sabuni, anapaka shingo ya vali na kiungo cha mpira, anainama na kutazama. Mapovu yakifura, panavuja. Mafundi wa mabomba nao hutumia maji ya sabuni hadi leo, pamoja na kamera za infraredi zinazoonyesha gesi isiyoonekana kwa macho. Tofauti ni kwamba gesi ya mtungi, propani na butani, ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni, ilhali methani ni nyepesi na hupanda juu. Kwa hiyo kitambuzi cha gesi asilia huwekwa karibu na dari, na cha gesi ya mtungi karibu na sakafu.

Nairobi haina bomba la gesi asilia. Lakini mwezi Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na kuifikisha Nairobi baadaye kumezungumzwa. Kwa hiyo hili linatuhusu, na tunalo la kukumbuka. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilishika moto katika mtaa wa Sinai na kuua watu zaidi ya 100. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ya kupikia ililipuka eneo la Mradi, Embakasi. Watu kadhaa wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, na sababu mojawapo ni wingi wa watu wanaoishi karibu.

Wengi walioumia Embakasi hawakuwa wafanyakazi wa gesi. Walikuwa majirani, na majeruhi wa aina hiyo hawaingii katika ile hesabu ya saa 200,000. Kwa hiyo siku wataalamu wa tathmini ya mazingira watakapowaita wakazi barazani kutoa maoni juu ya bomba au kituo cha gesi, msiwaulize kampuni ina siku ngapi bila ajali. Waulizeni vali iliyo karibu na nyumba zenu inafungwa kwa dakika ngapi, nani anaifunga saa nane za usiku, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini.