Je, wajua kwa nini filamu yenye 100% inaweza kuwa ya kawaida tu?

Watu wawili, gari moja, barabara ndefu na bajeti finyu: filamu huru, yaani iliyotengenezwa nje ya studio kubwa, ya mapenzi ya safarini. Ukiifungua kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes unakuta 100%, na akili inakimbilia kwenye mtihani: imepata zote, haina kasoro. Sivyo kabisa. Asilimia ile haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi, kati ya wote walioiandikia, waliikubali.

Tovuti hiyo, iliyoanza 1998, hugawa makala za wahakiki mafungu mawili tu: aliyekubali na aliyekataa. Fikiria kikao kinachopiga kura kwa kunyoosha mikono. Aliyeunyoosha juu kwa shauku na aliyeuinua nusu nusu huku akisitasita, kila mmoja ni kura moja. Kwa hiyo wahakiki kumi wakiipa filamu 3 kati ya 5, wote wakiona inatazamika, inapata 100%. Nyingine ikipewa 5 na wahakiki saba, kisha 2 na watatu waliobaki, inapata 70%, ingawa wastani wake ni 4.1. Iliyopendwa zaidi ndiyo inayoonekana imeshindwa!

Metacritic, tovuti nyingine ya kukusanya maoni ya wahakiki, hufanya kinyume. Hukokotoa wastani wa alama, tena ikiwapa baadhi ya wahakiki uzito zaidi kuliko wengine. Ndiyo maana filamu ileile inaweza kung'ara upande mmoja na kuonekana ya wastani upande wa pili, bila yeyote kudanganya.

Filamu huru huumia au kunufaika zaidi kwa sababu huandikiwa na wachache. Kwenye makala 8, mhakiki mmoja akibadili msimamo asilimia inasogea kwa 12.5, kwenye makala 200 inasogea kwa 0.5 tu. Pengine pia wanaojitokeza mapema kuiandikia ni wale ambao tayari wanapenda filamu za aina hiyo, japo hili hutofautiana filamu kwa filamu. Rotten Tomatoes yenyewe inaijua hatari hii: 60% inatosha kupata nyanya nyekundu, alama yake ya filamu iliyokubalika, lakini muhuri wake wa juu unadai 75% pamoja na idadi maalumu ya makala.

Kwa mapenzi ya safarini kuna jambo jingine, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Njia ya hadithi inajulikana: watagombana, gari litaharibika, watapendana. Mhakiki hubaki kuwapima waigizaji wawili waliofungiwa kwenye viti vya mbele, na mara nyingi huandika kwamba hadithi ni nyepesi ila hao wawili wanaibeba. Hiyo nayo ni kura ya ndiyo. Neno "nyepesi" halifiki kwenye asilimia. Linabaki ndani ya makala, aya ya tatu au ya nne, likimsubiri atakayeifungua na kuisoma.