Rubani akialikwa makumbushoni: dhana potofu na ukweli

Kigoma ina makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, Tabora ina tembe la Kwihara. Wageni huenda huko kusikia habari za misafara na pembe za ndovu. Likitolewa wazo la kumwalika rubani aje kuzungumza na wananchi, hoja za kupinga huja haraka, pamoja na dhana potofu kuhusu ndege zenyewe.

Dhana: Makumbusho isiyo na ndege haina la kuzungumza na rubani.

Kinachotakiwa ni historia, nayo ipo. Tarehe 24 Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy Commercial, yenye injini mbili za Rolls-Royce, iliondoka Brooklands, Uingereza, kuelekea Cape Town. Tarehe 27 Februari ilianguka Tabora na safari ikaishia hapo. Marubani wake walikuwa Cockerell na Broome, na abiria wao alikuwa Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Mwaka huohuo van Ryneveld na Brand, marubani wa Afrika Kusini, walifika Cape Town, lakini kwa ndege ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika njiani. Wanafunzi wa Tabora wanastahili kulijua hili kabla ya kufundishwa habari za viwanja vya mbali.

Dhana: Graf von Götzen, meli ya Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na ndege.

Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za Wabelgiji zinazotua majini, aina ya Short, zilivuka Ziwa Tanganyika na kudondosha mabomu Kigoma. Lakini meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai mwaka huo, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisile kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Dhana: Ndege inayoruka vizuri Dar es Salaam itaruka vivyo hivyo Tabora.

Hapa ndipo rubani anapostahili nauli mliyomlipia, kwa hiyo mwacheni achukue muda na ubao. Uwanja wa Tabora uko karibu futi 3,870 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo sanifu cha anga, yaani wastani wa kimataifa wa hali ya hewa kwa kila kimo, kimo hicho kina nyuzi joto 7 hivi. Mchana wa Oktoba joto likifika 32, ziada ni nyuzi 25. Kila nyuzi ya ziada huhesabiwa futi 120, kwa hiyo 25 mara 120 ni 3,000. Jumlisha na kimo cha uwanja: ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi 6,870.

Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hubeba kidogo, propela husukuma kidogo, na injini ya pistoni isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupungukiwa nguvu. Saa ya mwendo ndani ya ndege itaonyesha namba ileile ya kupaa, ila magurudumu yanakuwa yanakimbia kasi zaidi, na njia ya kurukia inaliwa ndefu zaidi. Kosa linaloua ni kuvuta usukani mapema. Ndege huinuka kwa sababu karibu na ardhi hewa huisaidia, kisha hukataa kupanda, na miti iko mbele. Dawa yake ni kuondoka alfajiri, kupunguza mizigo au mafuta, na kupiga hesabu kabla ya kuwasha injini.

Dhana: Kuna "mifuko ya hewa" ambamo ndege hudondoka.

Swali hili haliachi kuulizwa. Hakuna mahali angani pasipo na hewa. Ardhi iliyochomwa na jua hurusha hewa ya moto juu, na pembeni yake nyingine hushuka. Ndege ikipita kati yake hutikisika. Asubuhi huwa shwari zaidi. Fungeni mikanda.

Dhana: Rubani mkongwe hakosei, basi arekodiwe tu.

Mheshimuni, lakini mwombeni aje na logibuku yake, daftari la safari alizorusha. Humo mna tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, alikotoka, alikofika na saa alizoruka. Kumbukumbu huchanganya miaka na viwanja, daftari hukumbusha. Pigeni picha kurasa anazozitaja, pateni ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kurekodi, na andikeni jina na mwaka nyuma ya kila picha anayoacha, kwa penseli. Wino hupenya karatasi.

Dhana: Bila projekta hakuna mazungumzo.

Umeme hukatika, na mchana picha za ukutani hufifia. Picha kumi zilizochapishwa kwa ukubwa wa A3, ramani moja na mfano wa ndege wa karatasi ngumu zinatosha. Wekeni dakika 40 za kusema na 20 za maswali. Watoto wapewe vikaratasi waandike maswali mapema, maana kipaza sauti kikiwa mikononi mwa watu wazima, zamu yao haifiki.