Hataza ni nini hasa katika mitambo ya nishati na usindikaji

Ukisimama juu ya bwawa la Nalubaale mjini Jinja, Uganda, lile lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, mashine zenyewe huzioni. Unachosikia ni mngurumo wa maji chini ya miguu. Huko chini huzunguka magurudumu ya aina iliyobuniwa na mhandisi wa Austria, Viktor Kaplan, aliyepata hataza yake ya kwanza kwa ubunifu huo mwaka 1912. Alichokileta Kaplan ni mapanga yanayogeuza pembe kufuata wingi wa maji, hivyo mto wenye maji mengi na poromoko fupi, kama Naili pale Jinja, ukaweza kufua umeme bila kupoteza nguvu nyingi. Bwawa lilipofunguliwa, muda wa hataza hiyo ulikuwa umekwisha zamani, na wazo la mapanga yanayogeuka lilikuwa limeshakuwa mali ya kila mtu.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na dola, ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie, wasiuze wala wasiingize nchini uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa sharti kwamba naye aueleze hadharani, kwa ukamilifu utakaomwezesha fundi mjuzi wa fani hiyo kuutengeneza. Wengi huichanganya na hakimiliki, na si ajabu, kwa kuwa zote mbili huzungumziwa katika ofisi zilezile. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, lilivyochorwa au lilivyoimbwa, na huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Hataza hulinda ufumbuzi wa tatizo la kiufundi, na haipo mpaka iombwe, ichunguzwe na kutolewa. Mchoro wa mashine unaweza kuwa na hakimiliki huku mashine yenyewe haina ulinzi wowote.

Ili uvumbuzi upewe hataza, ni lazima uwe mpya duniani kote, si mpya mtaani kwenu tu. Uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angelifikia bila kuumiza kichwa. Na uweze kutumika katika uzalishaji. Muda wa ulinzi ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, ilimradi ada ya kila mwaka ilipwe. Ada isipolipwa, hataza hufa kabla ya wakati wake, na hataza nyingi hufa hivyo, kwa sababu mwenyewe ameona hazimlipi.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba hataza ni haki ya kuzuia, wala si ruhusa ya kutengeneza. Mhandisi wa injini za mvuke, James Watt, alipata hataza mwaka 1769 kwa chombo cha kupozea mvuke kilichotengwa na silinda ya injini, na mwaka 1775 Bunge la Uingereza likamwongezea muda hadi mwaka 1800. Katikati ya muda huo, mwaka 1781, mhandisi mwingine, Jonathan Hornblower, alipata hataza yake halali kwa injini ya silinda mbili, ambayo mvuke wake ulifanya kazi mara mbili. Watt na mshirika wake Boulton wakashikilia kwamba injini hiyo inaingilia haki yao ya kupoza mvuke nje ya silinda. Hornblower alikuwa na karatasi yake mkononi, lakini karatasi hiyo haikuweza kumfungulia mlango uliofungwa na karatasi ya mwingine. Katika mitambo ya nishati, ambamo kifaa kimoja hubeba uvumbuzi wa watu kadhaa, hali hii ni ya kawaida, na ndiyo sababu kampuni hununuliana na kubadilishana leseni.

Moyo wa hataza ni sehemu iitwayo madai. Kurasa nyingine hueleza, lakini madai ndiyo yanayoweka mpaka wa shamba. Chukua mafuta ghafi ya Bonde la Albertine, magharibi mwa Uganda, yenye nta nyingi kiasi cha kuganda katika joto la kawaida, na ambayo kwa sababu hiyo yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, lililofunikwa kwa kizuia joto na kupashwa moto kwa umeme. Hakuna anayeweza leo kupewa hataza kwa wazo la kupasha mafuta moto ili yatiririke. Anayeweza kupewa ni yule aliyebuni muundo fulani mpya wa waya wa kupashia, au namna mpya ya kuulisha umeme kwa masafa marefu, na ulinzi wake utaishia hapohapo.

Tulete jambo hili karibu zaidi. Tuseme fundi wa Katwe, jijini Kampala, amebuni mashine ya kutengeneza makaa kutokana na maganda ya matoke, na dai lake la kwanza linasomeka hivi: "Mashine ya kukamulia unga wa makaa kuwa vijiti, yenye parafujo inayozunguka ndani ya bomba, ambayo mdomo wa bomba hilo umezungushiwa koti la bati linalopitisha moshi wa injini inayoiendesha mashine, ili kijiti kikauke kabla hakijakatwa." Jirani yake akitengeneza mashine yenye parafujo na bomba vilevile, lakini inayoendeshwa kwa mota ya umeme na kukaushia vijiti juani, hajaingilia chochote, kwa kuwa dai limefungwa na moshi wa injini. Basi fundi atashawishika kuandika "joto kutoka chanzo chochote" ili azungushe ua mkubwa zaidi. Hapo mchunguzi atamletea mashine za zamani zilizotumia mvuke au moto wa kuni, na dai lote litaanguka kwa kukosa upya. Kuandika madai ni kutafuta upana unaoweza kusimama, na kwa maoni yangu kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchomelea mashine yenyewe.

Hataza pia ina mipaka ya nchi. Nchini Uganda huombwa kwa msajili, katika ofisi ya URSB, taasisi ya serikali ya usajili, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu la Afrika lenye makao yake Harare, ambako ombi moja huweza kuzitaja nchi kadhaa wanachama, Uganda ikiwamo. Uvumbuzi uliosajiliwa Ujerumani peke yake hauna nguvu Kampala, na fundi anaweza kuusoma na kuutengeneza hapa bila kosa, ingawa hawezi kupeleka mashine hizo kuuza Ujerumani. Maandishi ya hataza za dunia, pamoja na michoro yake, husomwa bure katika hifadhi ya mtandaoni ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Nadhani hazina hiyo haitumiki ipasavyo kwetu, ambako mashine nyingi za kukobolea kahawa na kusaga mahindi hunakiliwa kwa kuifungua ya jirani na kupima kwa futi kamba.

Kwa maboresho madogo yasiyofikia hatua ya uvumbuzi, ipo hati ya uvumbuzi mdogo yenye muda wa miaka 10, ambayo huwafaa zaidi mafundi wa karakana. Na kwa yeyote anayefikiria njia hizi, mpangilio wa mambo ni muhimu: ombi hutangulia maonyesho. Ukiitembeza mashine kwenye maonyesho ya biashara au ukairusha video yake kabla ya kuwasilisha ombi, umeifanya ijulikane, na huenda umeuondoa upya wake mwenyewe. Nchi kadhaa hutoa kipindi kifupi cha nafuu, ambamo mvumbuzi aliyeonyesha kwanza bado anaweza kuomba. Ulaya, kwa kawaida, haitoi. Ukishawasilisha ombi la kwanza una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo, na miezi hiyo ndiyo wakati wa kuionyesha mashine kwa wanunuzi na kuona kama kuna atakayeilipia.